Mkono Uliokuwa Kwenye Usukani

Jumamosi, 4 Januari 1969. Matrah.

Leo nimesoma sharti la tano mara tatu, kwa watu watatu. Ndiyo kazi yangu. Karatasi ya bima ya gari imeandikwa Kiingereza, mteja anajua Kiarabu, na mimi nimekaa katikati. Sharti lenyewe ni hili: ukigonga mtu, usikiri kosa, usiahidi kitu, usitoe kitu, mpaka kampuni ikupe ruhusa.

Mteja mmoja mwenye lori aliniuliza, sasa nikimgonga mtu nisimwambie hata pole? Nikamwambia pole sema, ila isizidi pole. Akacheka, nami nikacheka. Kisha akatia sahihi.

Gari la ofisi linachemka tena. Saa ya joto, ile iliyo mbele ya dereva, imepanda mara mbili leo njiani. Nimemwambia Mista Lowell, meneja wetu. Amesema tutaangalia. Amesema hivyo tangu mwezi uliopita.

Mwanetu Moza anakohoa. Mke wangu Zuwena amempaka mafuta kifuani. Baridi ya huku si ya kwetu Unguja.

Jumanne, 7 Januari

Nimemgonga mtu.

Naandika polepole. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, Ruwi, njia ya kutoka uwanja wa ndege. Nilikwenda kuchukua mfuko wa barua. Nilikuwa peke yangu. Punda mwenye mzigo wa majani akakata njia, nikakanyaga breki, punda akapita. Nikashukuru. Nikaachia breki. Mtu akatokea nyuma ya punda.

Ugoko wa kulia. Nilisikia ulivyovunjika.

Nilimpakia mwenyewe, na wapita njia wawili wakanisaidia. Njia nzima mpaka hospitali hakulia. Alikuwa akiuliza punda wake yuko wapi. Anaitwa Salim bin Khamis, mtu wa kijiji cha Ghala, anauza majani. Ana mke na watoto wanne.

Sasa jambo lililonikaa rohoni. Wakati ule macho yangu yalikuwa wapi? Najua niliitazama saa ya joto. Nilimaliza kuitazama kabla hajatokea, au alitokea wakati naitazama? Nimejiuliza tangu mchana. Sijui. Wallahi sijui.

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda Ghala.

Zuwena ndiye aliyenisukuma. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Baba Moza, mtu hagongwi akaachwa kama paka. Nenda ukaonekane na watu wake. Na usende hivihivi, mkono mtupu haulambwi." Tukanunua mbuzi na gunia la mchele. Nikapata nafasi juu ya lori linalokwenda Sib, mimi na mbuzi wangu.

Wanaume walikuwa wamekaa barazani kwa Said, kaka yake Salim. Walikuwa wananingoja. Hakuna aliyewaambia nitakuja, lakini walikuwa wananingoja. Nikasimama nikasema kwa Kiarabu kama nilivyomsikia babu yangu akisema, zamani, kwa ajali ya ng'ombe: mkono uliokuwa kwenye usukani ni wangu, ndugu yenu kaumizwa na mimi, nimekuja kwenu.

Said akasema ajali haina kinga, kaa. Akanimiminia kahawa yeye mwenyewe. Mzee mmoja akanisogezea tende. Tangu jana nilikuwa sijala, nikala.

Nilitoka pale mwepesi. Nilikuwa karibu na furaha, aibu kuandika.

Lori lilipofika Ruwi nikakumbuka sharti la tano. Dereva akilivunja, kampuni hailipi. Usikiri kosa, nimekiri. Usitoe kitu, nimetoa mbuzi na gunia. Mbele ya watu wasiopungua ishirini. Jumamosi tu nililisoma mara tatu. Mganga hajigangi, lakini mimi nimezidi.

Alhamisi, 9 Januari

Nimemwambia Mista Lowell habari ya ajali. Ya Ghala sikumwambia.

Si mtu mbaya. Alinikalisha, akaniagizia chai, akatoa fomu. Swali la kumi na mbili: ajali ilisababishwa na kosa la nani? Nikamwambia pengine halikuwa kosa la mtu. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kama anayemweleza mteja, na mimi nilikaa nikasikiliza kama mteja.

Bima yetu ni ya Kiingereza, alisema. Haimlipi aliyeumia kwa sababu ameumia. Inamlipa kwa sababu mwenye gari amekosa, na kosa limethibitika. Dereva akiwa na kosa, kampuni inabeba kosa lake. Aliyegongwa akiwa na kosa, abebe mwenyewe. Na kama hapana mwenye kosa, basi hapana mlipaji. Kwa hiyo, Nassor, ukiandika halikuwa kosa la mtu, mtu wako wa Ghala hapati kitu.

Nikauliza kama ndivyo ilivyo dunia nzima. Akasema hapana. Alipata kufanya kazi Kanada, na huko kuna jimbo ambalo mtu akiumizwa na gari, bima inamtibu na kumpa cha kumsaidia, kosa awe nalo yeye, awe nalo dereva, au asiwe nalo mtu. Hawaulizi. Wanauliza tu ameumia wapi. Nikasema hiyo ndiyo bima. Akacheka. Akasema ina ubaya wake: wanalipa haraka lakini wanalipa kwa kipimo, mfupa bei hii, kidole bei hii. Ya Kiingereza ni ya polepole, lakini ukishinda unalipwa mpaka machungu yako. Ukishinda, alirudia.

Nimerudi nyumbani nikifikiria. Walionipa kahawa jana, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kosa la nani.

Jumamosi, 11 Januari

Hospitali. Mguu wa Salim umevimba mpaka gotini, jeraha linatoa usaha. Ana homa. Daktari aliniita nje. Amesema hapa wamefanya walivyoweza, kunahitajika upasuaji wa mifupa, na huo upo Bahrain. Meli ya Jumatano ijayo hataweza kuipanda, homa ni kali. Apande ile ya tarehe 22. Asipopanda hiyo, daktari mwenyewe ataukata mguu juu ya goti, hawezi kungoja zaidi.

Muuza majani bila mguu. Atapandaje majabali kuyakata?

Nauli, mtu wa kumsindikiza, hospitali, dawa. Nyumba nzima ya Said haina hiyo. Mimi sina. Kampuni inayo.

Niliingia kumwona. Alinitambua, akanishika mkono. Nilitaka kumwuliza alivyoona yeye pale njiani. Sikumwuliza. Niliogopa jibu, kila jibu.

Jumatatu, 13 Januari

Nimejaza fomu. Swali la kumi na mbili nimeandika: dereva aliondoa macho njiani kutazama saa ya joto. Sijui kama ni kweli. Sijui kama ni uongo. Kama kuna chembe ya kosa, acha liwe langu, mguu ufike Bahrain.

Mista Lowell alisoma akaitikia kwa kichwa. Alinionya kwamba kwa maneno haya sitagusa tena gari la ofisi, na leseni yangu huenda serikali ikaichukua. Nikasema najua. Akasema kukiri kwa kampuni si kosa, kampuni ndiyo mwenye haki ya kuambiwa. Ubaya ni kukiri kwa wale. Aliniangalia. "Hukwenda kwao, sivyo?"

Kabla sijajibu akainua kiganja chake. "Usinijibu," alisema. "Sijakuuliza."

Mkaguzi wa kampuni anakuja Jumamosi kwa ndege.

Alhamisi, 16 Januari

Sijalala vizuri. Zuwena anasema nenda Ghala ukawaambie wasiseme. Nikamwuliza niwaambie nini? Kwamba nilipokuja kwenu nilikosea njia? Kwamba mniambie sikusema nililosema? Watanifikiria nini. Akasema wafikirie watakalo, mguu ni mguu.

Ana haki. Sikwenda. Nilijiambia sina usafiri.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Mkaguzi ni kijana, mpole, suruali yake imenyooshwa. Kiarabu hajui. Mkalimani wa ofisi ni mimi, hapana mwingine. Alisita, mtu kutafsiri kesi yake mwenyewe. Mista Lowell akamwambia mchukue yeye au uwaulize kwa mikono. Tukaenda Ghala, Lowell akiendesha. Hospitalini hatukupita, Salim homa imempanda na daktari amekataa asiulizwe kitu.

Watu wa Ghala walifurahi kuniona. Wakatandika mkeka. Mkaguzi akauliza Salim ana watoto wangapi, anapata riziki gani, macho yake ni mazima, masikio je. Nikatafsiri, wakajibu, nikatafsiri. Yote yalikwenda vizuri. Alishafunga daftari.

Said akainua mkono. Alikuwa na neno. Naona alidhani Mzungu kaja kunihukumu, na yeye akataka kunitetea. Akasema mbele ya wote:

"Mwambie mgeni hivi. Huyu hakutukimbia. Siku ya pili alikuja na mbuzi na mchele, akasimama hapa, akasema mkono ni wangu. Katika watu wa magari hatujaona mwingine kama yeye."

Wazee wakaitikia. Mmoja akasema Mungu amlipe.

Mkaguzi akanigeukia. Lowell alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kusema: wanashukuru kwa kuja kwako. Nani angejua? Maneno mawili, na mguu wa mtu unapanda meli.

Nikatafsiri yote. Mbuzi, mchele, mkono ni wangu. Neno kwa neno, kwa Kiingereza kizuri.

Mkaguzi akafungua tena daftari.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa hapa najiambia nilisema kweli, kweli ni kweli. Lakini shajara hii haisomwi na mtu, basi nijisemee ukweli wenyewe. Haikuwa kweli iliyonisemesha. Nilipenda kusifiwa. Miaka mitano huku mimi ni Mswahili, mtu wa kuja, mwenye Kiarabu cha kigeni. Leo watu wazima wa nchi hii walinisifu barazani, nikataka Mzungu asikie. Nimeuza mguu wa mtu kwa sifa yangu.

Zuwena nimemwambia. Ameingia ndani kumlaza Moza na hajatoka.

Jumapili, 19 Januari

Kampuni imekataa. Mkaguzi kaandika kabla hajapanda ndege: dereva amevunja sharti la tano, kampuni haibanwi. Kuhusu Salim ameandika mstari mmoja, kwamba anaweza kumdai dereva mwenyewe.

Mista Lowell alikuwa na hasira, sehemu kwangu, sehemu kwao. Anasema Uingereza kuna sheria inayomlinda aliyegongwa, hata bima ikigombana na dereva wake, ugomvi huo haumhusu yeye. Hapa sheria hiyo hakuna, kuna karatasi tu. Na kule Kanada, anasema, mtu wako angekuwa keshafika. Nilimwomba asinitajie tena Kanada.

Siku tatu zimebaki.

Jumatatu, 20 Januari

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimekwenda Mawaleh kwa jamaa zetu.

Niandike kwanza aibu. Tangu tufike mwaka wa sitini na nne nimekwenda kwao mara moja. Siku ile walinicheka suruali yangu na nilivyokaa, nikaudhika, sikurudi. Tupo masafa ya asubuhi moja, na sikuwazika wala sikuwaoza.

Ami Sefu ni binamu yake marehemu baba. Ndiye mkubwa wao. Ujanani alikaa Pemba mashambani, Kiswahili chake kama cha bibi yangu. Nilimkuta anasafisha mfereji wa maji ya shamba, miguu imo matopeni. Nikaanza kumweleza: punda, breki, saa ya joto, macho yangu yalikuwa wapi, sharti la tano, swali la kumi na mbili. Nilieleza sana. Aliniacha nieleze mpaka pumzi zikaniishia.

"Alokuwa akiendesha nani?" aliuliza.

"Mimi, ami."

"Basi. Hayo mengine ya nini?"

Akauliza mambo matatu tu. Mtu yu hai? Mtoto wa nani? Meli inaondoka lini? Kisha akanawa miguu, akamtuma mwanawe kuwaita watu.

Nikamwambia, ami, mimi sina haki ya kukuombeni, hamnijui hata. Hapo ndipo alipokasirika. "Nnakujua wewe," alisema. "Nnakujua hata kama wewe hutujui. We mtoto wa Khelef. Mkono wako ukigonga, umegonga mkono wetu. Nyamaza sasa, usituaibishe."

Nililia, lakini nilikwenda kulilia nyuma ya mitende.

Jumanne, 21 Januari

Wamekuja Matrah watu tisa, Ami Sefu mbele. Wamekwenda kwanza Ghala, kisha hospitali. Fedha walizokusanya zilikuwa ndani ya kitambaa. Alikabidhiwa Said mkononi. Sikuhesabu, na hakuna aliyenionyesha. Mmoja wao, najua, ana mtoto wa kuoza mwezi huu.

Hawakuuliza kosa. Nimesubiri swali hilo siku nzima, mpaka nikatamani waulize. Nilijitayarisha kujitetea na hapakuwa na kesi.

Lakini nimefikiri jambo jingine pia. Yule hamali wa Kibaluchi pale bandarini, au karani Mhindi wa duka la jirani, akigonga mtu kesho atakwenda mfereji wa nani? Bima ni ukoo wa asiyekuwa na ukoo, na ukoo ule una masharti. Na huu wangu nao unayo. Ami aliniambia wakati wa kuaga, bila ya kuzunguka: mmoja wetu akigonga, akiua, akivunja, tutakuja mlangoni kwako na hutauliza. Nikasema sitauliza. Nimeogopa kidogo nilipolisema.

Jumatano, 22 Januari

Wamempandisha kwa machela mpaka kwenye mashua, kisha melini. Said amekwenda naye. Homa ipo. Daktari hakutaka kusema kitu zaidi ya kwamba amewahi.

Nilisimama gatini mpaka meli ilipozunguka jabali. Zuwena alikuja na Moza. Alinishika mkono hadharani, kitu asichokifanya.

Alhamisi, 6 Februari

Hakuna habari. Leseni yangu imechukuliwa. Ofisini niko mezani tu, nasoma sharti la tano kwa wateja. Leo mmoja aliniuliza nisimwambie hata pole? Sikuweza kucheka. Nilimwambia kampuni itakachofanya, nikamwambia na mtu atakachofanya, achague mwenyewe. Lowell alisikia kutoka chumbani kwake. Hakutoka.

Naota saa ya joto. Kila usiku ile ile. Naitazama, na naamka kabla ya kuinua macho.

Jumanne, 25 Februari

Barua ya Said, imeandikwa na mtu wa Bahrain. Mguu haukukatwa. Umefungwa chuma ndani. Utakuwa mfupi kidogo.

Nimeisoma mara nne. Nimekwenda kuwaambia Mawaleh. Nilikwenda kwa miguu mpaka Ruwi, kisha juu ya lori, na jua lote nikalivumilia.

Jumapili, 13 Aprili

Salim alikuja ofisini leo. Alimfunga punda nje na kuingia mwenyewe, anachechemea, fimbo mkononi. Nikamtoa nje, tukakaa kivulini ukutani, nikaagiza kahawa.

Alizungumza kuhusu Bahrain, majumba, chakula kisicho na ladha. Kisha, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yale yale, akasema alilisikia gari langu siku ile. Aliliona. Punda alikuwa ameshavuka, na yeye akadhani atawahi.

Sikuelewa mara moja. Nilimwomba arudie. Akarudia. Aliniona, mtu mwenye akili angesimama kungoja nipite, lakini alimwogopea punda asije akapotea, akakimbia.

Miezi mitatu ya saa ya joto. Leseni. Swali la kumi na mbili. Nilikasirika. Nikamwuliza mbona hukusema.

"Nani aliniuliza?" alisema.

Kweli. Mkaguzi hakumfikia. Fomu haikuwa na mstari wake. Jamaa zangu na jamaa zake hawaulizi. Na mimi nilikaa kitandani pake nikaogopa.

Alikunywa kahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Halafu akaniuliza yeye, kwa upole, bila ya hila yoyote: ningelikwambia siku ile kwamba kosa ni langu, ungekwenda Mawaleh?

Nilifungua mdomo. Watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, mwadhini alikuwa hajaadhini bado. Akaniwekea mkono begani ili ainukie, akaenda kumfungua punda.

Sasa ni baada ya magharibi. Moza amelala. Kalamu ninayo mkononi tangu nimalize kula, na jibu sijalipata.